Kurasa Ine, na Kilima Hakimo

Mushaki, tarehe 4 mwezi wa tatu 1957

Kwako Mbonigaba Hilaire, mutoto wa dada yangu Béata, mwanafunzi wa université kule Léopoldville.

Salamu yangu iko nzito, uipokee na mikono mibili. Huku mimi niko, mama yako iko, ng'ombe ziko. Wewe kama hauko, utujulishe mapema, tusiendelee kupoteza timbre za barua.

Sasa funga kinywa, ufungue masikio. Juma iliyopita bantu ba colon, ule Muzungu wa mashamba, balipanda ku kilima yetu Rusekera na fimbo zenye kichwa nyekundu. Bakapiga moja karibu na mutoni, moja nyuma ya jiko ya mama yako, moja kule juu kabisa. Nikauliza capita wao, musimamizi wa kazi, ule Édouard mwenye kepi: "Munapanda miti gani hii haina majani?" Akacheka. "Papa Védaste, hapa patakuwa pyrèthre." Njo yale maua meupe ya kuua dudu. Colon anataka kilima yote. Anasema Rusekera ilikaa bure miaka mingi bila muntu, sisi tulikuja juzi tu, kama inzi ku maziwa.

Bwana Administrateur, mukubwa wa serikali huku, atapanda hapa tarehe 22 ya mwezi wa saba kufanya enquête, kuuliza kilima ni ya nani. Mwenye kilima anaweza kupinga, lakini lazima alete karatasi, aisaini, aisome yeye mwenyewe mbele ya bantu bote. Kama karatasi haina nguvu, tunatoka mbele ya mavuno ya maharagi: mama yako na vyungu vyake, mimi na jina yangu.

Ningeandika mimi mwenyewe. Unajua nilisoma mpaka ya tatu, na padri akaniomba niache, alisema nikiendelea nitamaliza akili yote, wengine babaki bila. Lakini kilima hii yote inajua kama wewe uko université, wa kwanza kutoka Mushaki. Mu soko niliwaambia: "Mwipwa wangu akiandika, Muzungu anavua kofia mbele ya kufungua bahasha." Usinifanye muongo.

Uandike hivi. Uandike kama niliua chui kule juu ku kichwa ya kilima, na mukono mutupu. Nilimukamata mukia, nikamuzungusha mara saba, akatapika mbuzi tatu zikiwa zingali nzima, na moja njo bibi ya mbuzi za mama yako za leo. Uandike tena vile nilikuwa miaka kenda Walikale nikiwinda tembo. Nilipiga risasi moja, tembo tatu zikaanguka: ya kwanza sababu ya risasi, ya pili sababu ya sauti, ya tatu sababu ya haya. Mpaka leo kule Pinga, ndani ya Walikale, mvua ikinguruma, banasema: "Védaste amekohoa."

Na vitu hivyo hakuna colon atasimama.

Mimi, Kanyamibwa Védaste,
Mwenye Rusekera, Mushinda-Chui, Baba ya Tembo Tatu


Léopoldville, tarehe 29 Machi 1957

Mjomba mheshimiwa sana,

Ni kwa furaha isiyo na kipimo, na kwa hisia nyingi zilizochanganyikana moyoni mwangu kama mito inayochanganyikana baharini, ndiyo nachukua kalamu yangu ili kwa njia yake niweze kujibu, kama inavyofaa kujibu, barua ile ambayo ulipenda kunielekezea.

Suala la ardhi, kwa jinsi lilivyo, ni suala. Tangu nyakati za Waroma mpaka siku zetu za maendeleo, mwanadamu na udongo, udongo na mwanadamu, hivi viwili vimefuatana. Par conséquent, yaani kwa hiyo, nimelishughulikia kwa upana na kwa kina, kwa urefu na kwa kimo.

Ndani ya bahasha utakuta kurasa nne kwa Kifaransa cha juu. Nimeziandika mara sita. Naomba usibadilishe hata virgule moja, hata nukta, na usizipe watu wa soko wazishike na mikono ya mafuta. Rafiki yangu wa chumba, Hubert, mtoto wa Pinga, alizisoma akanyamaza dakika nzima. Nilipomwuliza kama nyumbani kwao wanakumbuka jina lako na wale tembo, alinyamaza tena, akaangalia dirisha. Nadhani alikuwa amechoka.

Pokea, mjomba mheshimiwa, uhakikisho wa hisia zangu zilizotukuka.

Hilaire Mbonigaba,
Étudiant, mwaka wa pili


Mushaki, tarehe 26 mwezi wa ine 1957

Wewe Hilaire,

Leo sisalimie. Salamu uliimaliza yote mu barua yako, hakuna iliyobaki.

Unajua desturi yetu. Barua ikifika Mushaki, iko ya kilima yote. Anayesoma barua peke yake, ako na kitu anaficha. Basi siku ya mungu nyuma ya misa niliita bantu, bakajaa ku baraza ya masomo. Nilivaa koti. Nilichinja kondoo, ndiyo, kondoo nzima, kwa heshima ya kurasa zako. Damascène, mwalimu wa watoto, akasimama kusoma, sababu Kifaransa kiko kwake. Anasoma sentensi, anageuza mu Kiswahili, anasoma ingine, anageuza.

Ukurasa ya kwanza, bantu banaitika. Ya pili, bazee banaangaliana. Ya tatu, Mama Constance ameanza kusinzia na mutoto ku titi. Ya ine, Damascène alisimama katikati ya sentensi kama muntu amesahau njia ya kurudi kwao. Akarudia kurasa zote nyuma, moja moja, akiangalia juu na chini. Akasema pole pole: "Papa Védaste, unisamehe. Kilima hakimo."

"Namna gani hakimo?"

"Waroma bamo. Adamu iko. Maendeleo iko mara kumi na moja. Rusekera, hapana. Mushaki, hapana. Jina yako pia, hapana. Sijui hii karatasi inaomba nini."

Kurasa ine! Muntu anapotea mwaka mubili kule, anakula mukate ya bazungu, anarudisha kurasa ine bila kilima ndani! Hata nzige ikipita inaacha jani moja. Bantu bakacheka mpaka kondoo ikasahaulika ku moto. Édouard capita alikuwa pale, hakuna wa kumufukuza, barua ni ya bote. Akaniambia: "Papa, mwipwa wako anaandika muzuri sana. Bwana wangu angependa kumuajiri."

Mimi, niliyefundisha kasuku ya Pinga kuimba Credo ya misa kwa siku tatu, nilirudi nyumbani na koti mu mukono. Mama yako aliniona. Alikuwa anatoa majivu mu jiko, akapita nayo mbele yangu, akaenda kuyamwaga ku lundo yake.

Wanakufundisha nini kule? Ao unaenda kulala tu, unaamka kuvaa cravate ku shingo? Damascène alisoma mwaka ine tu za ualimu, akikuandikia "njoo" unajua utoke saa ngapi na upite wapi.

Tuma ingine. Na safari hii weka kilima. Weka chui. Weka tembo.

Kanyamibwa Védaste,
Mwenye Rusekera, Mushinda-Chui, Baba ya Tembo Tatu, Aliyechekwa kwa Ajili Yako


Léopoldville, tarehe 18 Mei 1957

Mjomba,

Barua yako nimeipata. Niliisoma peke yangu, kwa hiyo labda niko na kitu naficha. Haya, nakipakua.

Wiki ile ile barua yako ilipofika, professeur, mwalimu wetu mkuu, alirudisha kazi zetu. Katika auditoire, darasa letu, tuko kumi na nane. Karatasi kumi na tano zilirudi nyekundu kama zimechinjwa. Ku yangu aliandika chini: "Nimesoma kurasa ishirini, bado sijui unataka kuniambia nini." Alinisimamisha mbele ya wengine. Akauliza: "Bwana Mbonigaba, sema kwa mdomo, neno moja, ulitaka kuniambia nini?" Nikafungua kinywa. Hakuna kilichotoka. Miaka kumi na mbili ya masomo nilishika kwa kichwa, nikarudisha kwa kichwa, nikapata points nzuri. Hakuna siku moja mtu aliniuliza mimi ninaona nini. Kama nitarudisha ingine kama ile, nitafungasha kofia na cravate, nirudi nyumbani.

Lakini usicheke haraka, mjomba. Nimejiuliza: haya maneno makubwa yenye tumbo tupu, nilinyonya wapi? Si kwa Waroma. Ni ku moto yako. Toka nikiwa mtoto nilisikia muntu anasema saa nzima, watu wanapiga mikono, na akimaliza hakuna anayejua nini ilifanyika kweli. Wewe njo professeur wangu wa kwanza. Ile karatasi nyekundu tuigawanye.

Uliniomba chui na tembo? Nimekuwekea. Ndani ya bahasha hii kila kitu umesema kimo, hata mbuzi tatu, hata haya ya tembo, hata miaka kenda ya Walikale. Jina lako liko mara ishirini na moja. Kilima kiko. Hubert aliisoma, akacheka mpaka akalala chini, halafu akasema: "Usitume hii." Nimetuma.

Somesha mu soko. Chinja ng'ombe.

Hilaire


Mushaki, tarehe 15 mwezi wa sita 1957

Hilaire, muuaji wa mujomba wako,

Umetuua. Ninasema bila kuzidisha, mara moja mu maisha yangu.

Karatasi ya pili ilisomwa siku ya mungu. Nitasema kweli: ilikuwa tamu. Ku chui bantu balisimama. Ku mbuzi tatu Mama Constance alilia na kicheko. Ku tembo ya tatu, ile ya haya, bazee balipiga fimbo chini. Damascène mwenyewe alishindwa kugeuza, alifuta macho. Mimi nilisimama, nikainama mara tatu. Nikafikiri moyoni: kumbe mutoto iko na kichwa.

Njo Édouard akasimama. Anapiga mikono pole pole. "Papa Védaste, nimependa ile ya Walikale. Miaka ngapi kweli?"

"Kenda!" nikasema, kifua mbele.

"Kutoka wapi mpaka wapi?"

"Toka makumi ine na moja mpaka makumi tano!"

Akatoa carnet, kijitabu chake, mu mufuko. Akaandika. Kisha akanitazama kama muntu anatazama ndizi imeiva. "Sasa niambie, papa. Ile miaka kenda, Rusekera ilikuwa na nani?"

Hilaire, ile swali ilikuwa mutego. Unajua sheria ya kusomesha barua: hakuna ruhusa ya kumukatalia mwenye barua mbele ya bageni. Bote balitazama miguu yao. Mama yako alikuwa kule nyuma, anamenya mbaazi. Hakuinua kichwa, lakini mikono yake ilisimama.

Nikasema: "Ilikuwa na jina yangu. Jina yangu inatosha kulinda kilima."

Édouard akaandika ile pia.

Nyuma ya siku tatu planton, mutumishi wa ofisi ya territoire, akaleta karatasi. Inasema: tarehe 22 mwenye kilima ataulizwa juu ya miaka kenda. Kama kilima ilikaa bila muntu, iko ya bure, na colon anaichukua. Muntu aliyetuuza si colon, si Édouard. Ni wewe na kalamu yako ya université, uliyeandika vitu vya kando ya moto kama ni vitu vya bureau ya serikali! Damascène anasema mwandishi mwenye akili anajua nini ya kuacha. Ninyi kule hamufundishwe kuacha?

Na usinisemeshe tena juu ya professeur wa kwanza. Mimi nilikufundisha kucheka. Kuandika, nilikupeleka kwa bengine.

Sasa tafuta mulango. Tunga kitu ya kujaza ile miaka kenda. Sema niliacha mbwa yangu, ule aliyejua kusoma.

Kanyamibwa Védaste,
Mwenye Rusekera mpaka tarehe 22


Mushaki, tarehe 16 mwezi wa sita 1957

Mutoto yangu Hilaire,

Ni mimi mama yako Mukagasana Béata. Mimi sijui kuandika. Ninasema, Damascène anaandika. Nimemuambia asiongeze kitu. Hii barua hatusomeshe mu baraza. Kama banasema ninaficha, ninaficha.

Mujomba yako hakuwinda tembo. Mu mwaka wa makumi ine na moja balikuwa banakamata bantu kwa kazi ya barabara. Yeye alikimbia, akaacha kilima. Alifika Pinga, akapata kazi ya kufua nguo za bwana wa barabara. Barabara aliyoikimbia, alifua suruali za bwana wake. Baba ya rafiki yako Hubert alikuwa mupishi pale. Aliniletea chumvi mara moja, njo alinieleza. Sikumwambia kaka yangu kama ninajua. Muntu anatengeneza nguo na vile ako nayo.

Baba yako alikuwa amekufa. Mwaka ule ule nilirudi ku kilima ya baba yangu na wewe ku mukono, dada zako babili nyuma yetu. Hakukuwa muntu. Nililima toka mutoni mpaka ku muti mukubwa wa muvumu. Nilipanda mbaazi, maharagi na mutama. Nilipanga mawe, mistari saba, ili mvua isichukue udongo. Dada zako babili niliwazika pale pale nyuma ya nyumba. Kila asubui nilitoa majivu ya jiko, nikayamwaga fasi moja, pahali pale pale. Lundo ile inanipita kimo.

Sikusema mu baraza. Mwenye barua hakataliwi. Na mwanamuke akisema "kilima ni mimi nililinda," ni kama anamuvua kaka yake nguo mbele ya soko.

Lakini wewe sikuelewi. Mujomba yako anaficha sababu ya haya. Wewe ulikuwa pale. Ulikuwa na miaka tano, sita, kumi. Mawe ya mistari mitatu ya mwisho ulibeba na mimi, kidole kikafinyika, ukucha haikurudi. Uiangalie. Ni ule mukono unaandika nao. Ulikuwa na Waroma, ulikuwa na chui. Mimi ulinipitia wapi?

Kula vizuri.

Mama yako


Léopoldville, tarehe 1 Julai 1957

Mujomba Védaste,

Sikuandikie kuomba radhi. Sikuandikie pia juu ya mbwa anayejua kusoma.

Mama aliniandikia. Ninajua yote, mpaka Pinga, mpaka sabuni. Nilimuuliza Hubert, akaniambia baba yake bado anakusifia: hakuna muntu alinyoosha kola kama wewe. Alinyamaza ile siku ya kwanza kwa kukuheshimu wewe, si mimi.

Karatasi iko hapa. Ni ya tatu na ya mwisho. Nimeiandika mu Kiswahili. Bwana Administrateur anakisikia, na wewe utaweza kuisoma bila Damascène. Sikutumia dictionnaire ya maneno makubwa. Nilipomaliza nilimusomea Hubert. Akasema: "Sasa nimeona kilima." Nilikaa chini, mujomba. Kumbe mwaka yote nilikuwa natafuta maneno, na maneno yalikuwa yananitafuta ku ukucha.

Inasema hivi:

"Mimi Kanyamibwa Védaste, kilima Rusekera ni ya baba yangu. Mwaka 1941 nilikimbia kazi ya barabara. Nilikaa Pinga miaka kenda, nilikuwa mufua nguo. Kilima haikukaa bure. Dada yangu Mukagasana Béata, mujane, alirudi pale mwaka ule ule na watoto wake. Alilima toka mutoni mpaka ku muti wa muvumu. Mistari saba ya mawe ni kazi yake. Makaburi mabili nyuma ya nyumba ni ya watoto wake. Majivu ya jiko yake ya miaka ile yote iko fasi moja. Muntu akitaka, achimbe, ataona. Niliporudi, nilimukuta. Tunaomba kubaki."

Njo yote. Lazima wewe uisome kwa kinywa yako, mbele ya Édouard, mbele ya soko yote. Ukitia ndani hata unywele moja ya chui, Édouard atavuta ule unywele mpaka kilima yote itoke.

Unaweza pia kuikataa. Basi ulinde jina yako, mama afunge vyungu. Najua ni nini ninakuomba. Ninakuomba kwa hasira.

Hilaire


Mushaki, tarehe 24 mwezi wa saba 1957

Hilaire,

Karatasi yako ilifika siku ine mbele ya enquête. Nilisoma peke yangu, kule ku zizi. Nilitaka kuipasua. Niliikunja mu koti, nikakaa nayo siku ine, na mama yako hakuniuliza. Alikuwa ananiwekea chakula na anageuka. Nilifikiri: anajua. Anajua toka miaka ngapi? Kila jioni ninaua tembo ku moto yake, yeye anakoroga mutama na anajua.

Wewe uliye na masomo, ungepata namna ya kuvika mujomba yako nguo. "Alikuwa na kazi kule Pinga." Ingetosha! Lakini hapana, "mufua nguo." Sijakusamehe. Uandike ile mu cahier yako ya masomo.

Tarehe 22 Bwana Administrateur alifika na jeep, na colon, na Édouard na carnet yake. Bantu balikuwa wengi kuliko Pasaka. Banajua Védaste atasema, baliacha masoko. Nilisimama. Nikaanza: "Mimi Kanyamibwa Védaste." Bakapiga mikono mbele, bananingoja. Nikasoma "nilikimbia." Mikono ikasimama. Nikasoma "mufua nguo." Kwanza balifikiri ni mwanzo wa hadithi, muntu moja akapiga kelele: "Na tembo alianika wapi?" Bakacheka. Nikangoja. Hakukuwa ingine ya kuja nyuma. Bakaona kama hakuna hadithi. Kicheko ya pili ilikuwa mbaya, ile ya chini chini, mikono ku midomo. Niliisoma mpaka "Tunaomba kubaki." Ku makaburi mabili nilisimama, nikaanza tena ile sentensi. Mimi sikuwaona bale batoto, Hilaire. Nilikuwa nanyoosha kola.

Bwana Administrateur akauliza: "Huyo Béata ni nani?" Mama yako akatoka nyuma na kikapu. Akamupeleka Bwana ku shamba. Mistari saba ya mawe Bwana aliihesabu na kidole. Ku makaburi alivua kofia. Ndiyo, kofia, ile niliyoahidi mu soko, aliivua, lakini si kwa bahasha. Ku lundo ya majivu akaamuru Édouard achimbe. Édouard na kepi yake alichimba mpaka kiuno, anatoa majivu juu ya majivu, nyeusi, nyeupe, nyeusi, na vipande vya vyungu vya zamani kabisa chini. Alitoka pale kama muntu amezaliwa kwa makaa. Ile nilicheka.

Bwana akasema: toka mutoni mpaka ku muvumu, iko ya bantu ba Rusekera, fimbo za colon zitoke. Kisha akaonyesha kule juu, ku kichwa ya kilima. "Na kule?"

Mama yako akasema: "Kule sikulima."

Colon akatabasamu. Bwana akanigeukia mimi. "Mwenye kilima, ako na neno ya kusema juu ya kule?"

Hilaire. Ile fasi njo ya chui. Miaka saba ninawaonyesha bantu jiwe nilipomukanyaga. Hadithi ilikuwa ku ulimi, na safari hii nilikuwa na ingine bora zaidi, na baba yangu ndani, na babu, na mazizi ya ng'ombe. Ile ingemufanya Bwana mwenyewe alie. Baraza yote ilinitazama. Bananijua. Mama yako pia alinitazama, na mikono yake imesimama, kama siku ya mbaazi.

Niliimeza.

Nikasema: "Hapana, Bwana. Kule hakuna kitu yetu."

Basi kule juu iko pyrèthre. Colon ameanza kulima jana. Ni wewe umeikosesha, na karatasi yako isiyojua hata kudanganya kidogo kwa ajili ya wajomba.

Bantu bananiita Papa Sabuni. Hata batoto. Jana Mama Constance aliniletea shuka, anasema ni ya mchezo. Nikaifua. Nikairudisha imenyooka mpaka akakosa la kusema. Ku sikukuu ya Noël usije. Ao ukikuja, usinisemeshe, ukae kwa mama yako. Iko na fasi nyingine mu mistari ya mawe imebomoka wakati Édouard alikuwa anachimba. Mimi nimeanza kuirudisha, lakini mawe iko mazito na mimi si kijana. Ulete ule mukono wako.

Mama yako anasema kula vizuri.

Kanyamibwa Védaste,
kaka ya Béata